Jiwe la Mtoto wa Gobnait

Gobnait alikuwa na mdomo, na hapa Rinvarra hatukumlaumu hata siku moja, maana bila mdomo wake rasi yetu ingebaki kuwa mawe, kondoo na mvua tu. Majira ya joto yakifika na watalii nao wakifika, yeye ndiye aliyesimama pale lami inapoishia, koti la mvua mwilini, gongo la mume wake mkononi, akawakusanya waliotaka kutembea na kuwapeleka hadi ncha ya mwisho ya nchi kavu. Huko bahari iko kulia, iko kushoto, iko mbele, na upepo unakuvua kofia usipoishika. Njia nzima alikuwa hanyamazi.

Akifika kwenye mnara wa mawe uliojengwa na Waingereza kuwachungulia Wafaransa, aliwaambia: "Wanajeshi walikaa humu miaka na miaka wakiwangoja Wafaransa, na Wafaransa hawakuja. Wamekuja sasa, na mahema yao, wanaoga uchi pale ufukweni, na hakuna hata wa kuwapigia kengele." Watu walicheka, hata Wafaransa wenyewe. Akifika kwenye miamba ilipovunjikia meli ya Wahispania, aliwatolea binti wa mfalme mwenye nywele nyeusi, eti alifika ufukweni yuko hai, akaolewa na mchunga kondoo wa kwetu, na ndiyo maana nusu ya Rinvarra tuna macho meusi. Binti huyo hakuwahi kuwepo, na macho yetu meusi tumeyatoa tunakojua wenyewe.

"We mwanamke, utakuja kuungua kwa huo uongo," Hanora mwenye duka alimwambia siku moja.

"Uongo gani? Nimetia chumvi tu. Viazi vyako hapo dukani bila chumvi nani angevila?"

"Viazi vyangu usiviingize kwenye dhambi zako!"

Ndivyo walivyokuwa wale wawili, mashoga wa tangu shule, kutwa kuchambana. Lakini palikuwapo mahali ambapo Gobnait alikuwa hatii chumvi. Pale kilimani kwenye matuta ya viazi yaliyolimwa mwaka wa njaa kuu na yasivunwe kamwe, matuta ambayo mpaka leo yanaonekana chini ya majani jua likiwa upande, alisema maneno machache tu na kuwaacha watu watazame wenyewe.

Baada ya matuta, njia inapita kando ya kijiuwanja kilichozungushiwa ukuta wa mawe, kimeota miiba na majani marefu, na katikati ya majani kuna mawe madogo meupe yaliyosimikwa huku na huku bila mpango. Jina lake ni Cillín. Neno lenyewe katika lugha yetu ya zamani, ukilichukua juu juu, maana yake ni kikanisa. Basi mtalii akiuliza, Gobnait alijibu bila kusimama: "Ni kikanisa cha watawa wa kale. Kimebomoka chote, hakuna cha kutazama. Twendeni jamani, wale sili wanaoota jua miambani wakishaingia majini hamtawaona." Na gongo lilianza kugonga chini haraka haraka mpaka wafike mbali.

Sisi wa hapa tunajua kwamba Cillín si kikanisa. Ni mahali walipozikwa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Kanisa lilikuwa halitaki wazikwe kwenye makaburi yake, kwa sababu, walivyotufundisha, mtoto asiyebatizwa haendi mbinguni wala motoni, anakwenda limbo, mahali pa katikati pasipo na maumivu wala uso wa Mungu. Kwa hiyo baba alimchukua mtoto kabla jua halijatoka, akaenda kumzika mwenyewe, akaweka jiwe jeupe lisilo na jina, akarudi nyumbani na kunyamaza. Na mama haulizi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Sijui nani aliianzisha, na kama ningemjua ningempa vidonge vyake hata kama ni kaburini.

Gobnait alikuwa na mtoto mle. Alizaliwa mwezi wa pili, mwaka wa sitini na sita, mafuriko yamekata barabara na mkunga amechelewa. Alikuwa wa kiume, mkubwa, ana nywele, na hakulia. Mkunga alimpeleka dirishani kwenye mwanga, akampulizia, akamgeuza, akampulizia tena, maana kama ingepatikana pumzi moja tu angemmwagia maji palepale na kumbatiza. Haikupatikana. Gobnait alilala kitandani akisikia nyundo kutoka bandani. Mume wake, Donncha, alikuwa akipigilia kisanduku kwa mbao zilizobaki za mashua, na kila msumari aliusikia. Wakati ule nyumbani kwao alikuwapo pia Tadhg, mdogo wake Donncha, kijana wa miaka kumi na tisa anayesubiri safari ya Boston, na ndiye aliyemletea Gobnait chai na kukaa mlangoni bila kujua aseme nini.

Alfajiri Donncha alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake. Aliporudi kulikuwa kumeshakucha. Alinawa mikono kwa muda mrefu mno, akaja akasimama karibu na kitanda, akasema, "Tayari." Neno hilo moja tu. Gobnait akasubiri la pili, na lile la pili halikuja.

Baadaye walipata wasichana wawili, wote wameolewa Kanada. Maisha yakaenda, kama yanavyokwenda ya watu wote. Donncha alikuwa mtu wa mashua na mitego ya kambakoche, mpole, hajawahi kumwinulia mkono wala sauti, na wanawake wengi wa hapa walimwonea Gobnait wivu. Lakini rohoni mwake alikuwa na kinyongo kilichokataa kutoka. Alijiambia: anajua mtoto wangu alipo na hataki kuniambia. Alimwona jinsi alivyoikwepa ile njia ya Cillín, akitoka na mashua anazunguka kwa barabara ya juu, mbali, hata mvua ikinyesha. Akasema moyoni, tazama jiwe hili la mwanamume, hata kupita karibu na mwanawe hataki. Yeye mwenyewe alikwenda mara nyingi, akasimama langoni, akatazama yale mawe meupe. Apige magoti kwenye lipi? Akipiga magoti kwenye la mtoto wa mwingine? Basi alisimama tu, akasali rozari yake kwa haraka, akaondoka.

Halafu, wasichana wameshaondoka na yeye ana mvi, padri mpya kijana alisimama madhabahuni Jumapili moja na kueleza kwa sauti nzuri kwamba ile habari ya limbo haikuwahi kuwa imani ya lazima, yalikuwa mawazo ya wataalamu tu, na wataalamu wa sasa wanaona afadhali kutumaini huruma ya Mungu. Hanora aliyekuwa ameketi kando ya Gobnait alisema, na nusu ya kanisa ikasikia: "Mawazo! Yesu na Maria, kumbe yalikuwa mawazo!" Gobnait aliuma midomo mpaka misa ikaisha.

Siku hiyo aliazimia kumuuliza Donncha. Akaazimia tena Pasaka, na tena baada ya mavuno ya majani. Mtu aliyeweza kuwasimulia Wajerumani hamsini habari za binti ambaye hakuwepo alishindwa kumuuliza mume wake swali moja mezani. Unakaa na jambo muda mrefu mpaka linakuwa kama fanicha ya nyumba, kulisogeza unaogopa kelele.

Kisha Donncha akaanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa ya kuchekesha: alitia chumvi kwenye chai, akamwita mbwa kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Baadaye Gobnait alimkuta bandani na ndoo akimtafuta ng'ombe waliyemuuza siku nyingi. Daktari wa mjini alisema ugonjwa huu hauna kurudi nyuma, utakwenda mbele tu, lakini asubuhi mara nyingi atakuwa na nafuu. Wakiwa ndani ya gari wakirudi, Donncha alikuwa akitazama bahari kwa furaha, na Gobnait aliyeshika usukani akawa anapiga hesabu. Sehemu moja tu duniani ndiyo iliyohifadhi mahali alipolazwa mwanawe, na sehemu hiyo ni kichwa cha huyu mzee, na kichwa kinafungwa.

Na bado hakuuliza! Akajiambia atauliza kesho, akiwa katulia. Huenda angefika na swali lake kaburini hivyohivyo, kama si Fiachra.

Fiachra ni mtoto wa hapahapa, amesoma Dublin, akarudi na mke na mawazo mengi. Si mtu mbaya. Ndiye aliyeunda kamati ya kupendezesha Rinvarra, akapaka rangi madirisha ya ukumbi, akaweka maua kwenye mashua kuukuu pale njia panda. Mwaka huo kamati iliamua kuweka mabango ya maelezo kwenye kila kivutio kutoka lami hadi ncha ya rasi, na kupamba kituo cha kutazamia machweo kwa jina RINVARRA lililoandikwa chini kwa mawe meupe, herufi kubwakubwa, mtu aweze kulisoma hata kutoka baharini. Mawe meupe yanapatikana wapi? Wakubwa wa kamati ni wageni walionunua nyumba za likizo, na Fiachra mwenyewe alikuwa mdogo wakati wazee walipoacha kwenda kule. Aliyowahi kusikia juu ya Cillín aliyasikia kwenye matembezi ya Gobnait.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa tano Gobnait alikuwa akitoka kutazama kondoo, akawaona kwa mbali: Fiachra, bwana mmoja mrefu, wanawake wawili wenye glavu mpya, na toroli. Lango la Cillín lilikuwa wazi. Toroli lilikuwa limejaa mawe meupe hadi juu, na karibu na lango majani yalikuwa yamekatwa vizuri kabisa.

Yule mama, mwenye magoti mabovu, alikimbia.

"Weka chini!" Alikuwa hajafika bado, tayari anapiga kelele. "Weka chini hayo! Wekeni chini, nimesema!"

"Shikamoo mama Gobnait," Fiachra alisema huku anatabasamu, jasho linamtoka. "Tulitaka kukushtukiza. Tumekisafisha kikanisa chako. Na bango tayari, maneno yako yaleyale tumeyatumia, sikiliza: Hapa waliishi watawa..."

"Watawa gani? Hapakuwa na mtawa hapa!"

Fiachra akaligeukia bango. "Lakini si wewe mwenyewe uliyetuambia? Miaka yote."

Ndipo Gobnait alipoishiwa. Alishika ukuta, akafungua mdomo wake uliozoea kusema, na hakikutoka kitu. Ni kweli alisema. Kila alipopita na watu alisema, ili wasisimame, wasiingie, wasipige picha. Na uongo aliousema kumlinda mwanawe ndio huo umeleta toroli.

Aliyejibu ni Hanora. Alikuwa amesikia kelele kutoka dukani, akaja na aproni yake na mikono imejaa unga.

"Fiachra," alisema taratibu, si kawaida yake. "Umeshika nini hapo?"

"Jiwe, mama Hanora."

"Hilo ni kaburi la mtoto. Na lile ni la mwingine. Wangu wawili wamo humu. Wa huyu mwenzangu yumo. Na wewe kamuulize mama yako kwa nini ukiwa mdogo alikuchapa ulipoingia humu kufuata mpira."

Mmoja wa wale wanawake wenye glavu akaanza kulia palepale. Fiachra akalitazama jiwe mkononi, akaangalia chini palipokatwa majani, akageuka huku na huku. Alitaka kulirudisha, maskini, na hakujua alilitoa wapi. Alilipeleka mahali pamoja, akasita, akalipeleka pengine, akasita tena, uso umemshuka mpaka ungemwonea huruma.

"Sijui," akasema. "Mama, sijui yalikuwa wapi. Nisamehe."

"Yalikuwa ya hapa langoni tu?" Gobnait aliuliza.

"Ya hapa langoni tu. Huko ndani hatujagusa, naapa."

Waliyashusha mawe kwenye toroli moja moja, kwa mikono, wakayalaza kando ya ukuta. Bango halikusimikwa. Lakini Gobnait hakubaki kutazama. Sasa kulikuwa na swali baya kuliko lile la kwanza: jiwe la mwanawe lilikuwa huko ndani, au lilikuwa langoni? Hanora alimshika mkono.

"Shoga, muulize. Muulize leo. Mimi mume wangu aliniambia siku anakata roho, akanichorea kwa kidole kwenye shuka. Usingoje shuka."

"Mama haulizi, Hanora."

"Mama haulizi! Na baba hasemi, na padri hajui, na sasa watu wa maua wanakuja na toroli. Nenda kamuulize mumeo, la sivyo naenda mimi!"

Gobnait alifika nyumbani saa ya chai ya alasiri. Donncha alikuwa mezani, anapaka siagi kwenye mkate kwa uangalifu mkubwa, hadi kingoni, halafu anapaka upande wa pili. Akakaa mbele yake bila kuvua koti.

"Donncha. Mtoto wetu wa kwanza. Ulimlaza wapi?"

Akamtazama kwa macho yale ya adabu anayowatazamia wageni. "Mtoto gani, bibie?"

Gobnait alitoka nje, akaenda nyuma ya banda, akalia kwa sauti hata kondoo wakasogea. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alijilaani kwa kila Pasaka aliyoipitisha, akamlaani Donncha, akamlaani padri wa zamani ambaye mifupa yake iko kwenye udongo uliobarikiwa na jiwe kubwa lenye jina lake lote. Kisha akanawa uso kwenye pipa la mvua, akarudi kumpikia mzee viazi.

Asubuhi iliyofuata Donncha aliamka na nafuu. Alimwita kwa jina lake, akauliza habari za wasichana wa Kanada, akalalamika uji hauna maziwa. Gobnait hakungoja amalize. Akamvalisha kofia na buti, akamwambia wanakwenda kutembea, na wakashika njia ya chini. Walipokaribia Cillín, Donncha akasimama.

"Siyo huku. Twende kwa barabara ya juu."

"Leo tunapita huku."

"Gobnait, nakuomba."

"Na mimi nakuomba. Nimekuomba kimya tangu mwaka wa sitini na sita, leo nakuomba kwa mdomo. Nionyeshe jiwe lake. Basi. Sitaki kingine kwako, Donncha, nionyeshe tu, halafu usahau yote, unisahau hata mimi."

Walikuwa wamefika langoni. Donncha alilishika lango kwa mikono miwili, hakulifungua.

"Sijui," alisema.

"Umesahau?"

"Sijasahau. Sikuwahi kujua." Akawa anasema huku analitazama lango, si mkewe. "Nilifika hapa. Hapa hapa. Miguu ikakataa. Nilikuwa nimemshika, kisanduku hakikuwa na uzito hata kidogo, na miguu ikakataa kuingia. Tadhg alinifuata nyuma, mimi sikujua kama ananifuata. Akaniambia, kaka, nipe. Nikampa. Nikageuka nikatazama bahari, kwa sababu sikuweza kutazama anakokwenda naye. Nilisikia jembe. Aliporudi sikumuuliza, na yeye hakusema."

"Tadhg," Gobnait alisema.

"Nikasema nitamuuliza atakaporudi likizo."

Tadhg hakurudi likizo. Alianguka kutoka ghorofa walilokuwa wakijenga huko Boston, mwaka wa tatu tangu aondoke, na amezikwa hukohuko. Gobnait mwenyewe ndiye aliyempikia chakula cha safari.

"Na kwa nini hukuniambia?" Sauti yake ilikuwa imepanda, ndege wakaruka kutoka kwenye miiba. "Kwa nini hukuniambia, wewe mwanamume?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilimpa mtoto wako kijana akamzike, mimi niko barabarani nimegeuza mgongo? Ulikuwa hunipi hata uso wako. Nikafikiri, akidhani najua, angalau atadhani nilifanya kazi ya baba."

Gobnait alilipiga lango kwa gongo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka gongo likamtoka mkononi. "Nimekuchukia!" alimwambia. "Miaka yote hii, nakupikia, nakufulia, nalala kando yako, nimekuchukia kwa siri ambayo kumbe huna! Hukuwa na kitu! Wewe na mimi wote tulikuwa tunasimama nje!"

Akamwacha hapo, akaondoka. Alipanda hadi kwenye matuta, akakaa kwenye majani yenye umande na upepo unampiga. Alidhani atalia na hakulia. Alimwona Donncha kule chini akiwa amesimama mahali alipomwacha, mzee mwembamba, kofia imekaa upande. Akamfikiria kijana wa miaka ishirini na sita amesimama mahali hapohapo, ametazama bahari, anasikia jembe. Yeye alisikia nyundo, mwenzake akasikia jembe. Na wote wawili wakaendelea kula meza moja.

Alikaa mpaka baridi ikamwingia. Kisha alishuka, maana nani mwingine angemrudisha mzee nyumbani? Aliokota gongo. Donncha aligeuka aliposikia hatua zake, na Gobnait akaona kwenye macho kwamba ile nafuu ya asubuhi imekwisha. Alikuwa na uso laini, wa mtu aliyengojeshwa asijue anangoja nini.

"Umerudi," alisema Donncha. "Tumefuata nini huku, Gobnait?"

Alikuwa anajua jina lake bado. Gobnait alimweka kofia sawa.

"Tumekuja kumwona mtoto."

"Ah." Akafikiri. Uso ukaanza kuhangaika, mikono ikatafuta mifukoni. "Yuko wapi? Nilipaswa kujua. Mimi ndiye ninayepaswa kujua, sivyo?"

Gobnait alitazama ndani. Yale mawe ya langoni yalikuwa bado yamelazwa kando ya ukuta, hayana wenyewe. Huko ndani yalikuwapo mengine, meupe, kila moja na baba yake aliyenyamaza. Akalifungua lango, akamshika mkono mume wake. Mkono ulivuta nyuma kidogo, kisha ukakubali, na safari hii miguu haikukataa. Wakaingia. Alimpitisha taratibu kati ya mawe, akiangalia wasikanyage, mpaka nyuma kabisa, kwenye pembe ya ukuta ambapo upepo haufiki na hapakuwa na jiwe lolote, hivyo hawakumnyang'anya mtu.

"Ni hapa," alisema.

"Hapa?"

"Hapa."

Donncha alivua kofia. Alisimama akipatazama mahali pale kwa makini sana, kama alivyokuwa akitazama bahari kabla ya kushusha mashua. Kisha akaanza kupiga magoti, polepole, amemshika Gobnait bega, na Gobnait naye akateremka pamoja naye kwenye majani.

"Nani alikuonyesha?" Donncha aliuliza.

"Wewe, mume wangu. Ulinionyesha siku ileile."

Donncha alitoa pumzi ndefu, na uso wake wote ukalegea. "Afadhali," alisema. "Nimekuwa na hofu kwamba sikukuonyesha."